Akaunti tatu za barua pepe kwenye Thunderbird ya Linux bila kuchanganya mtumaji

Kuongeza akaunti kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe, ni kazi ya dakika mbili: ingia Account Settings, ongeza akaunti mpya, andika jina, anwani na nywila, na programu itatafuta seva yenyewe. Chagua IMAP (barua hubaki kwenye seva) badala ya POP3 (huzipakua kwenye kifaa kimoja), ili simu na kompyuta zione kikasha kilekile. Ikishindwa kuzipata seva, jaza mwenyewe: IMAP poti 993 kwa SSL/TLS (usimbaji tangu mwanzo wa muunganisho), SMTP (seva ya kutuma) poti 465 kwa SSL/TLS, au 587 kwa STARTTLS (usimbaji unaoanza baada ya kuunganishwa). Ukiweka 587 na SSL/TLS pamoja, muunganisho utakwama, hata kama nywila ni sahihi.

Gmail hutumia OAuth2 (kuingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe), kwa hiyo dirisha la kuingia litafunguka. Lisipokamilisha kazi, hakikisha Thunderbird imeruhusiwa kupokea kuki.

Sasa sehemu inayowaumiza wengi: seva ya kutuma. Bofya jina la kila akaunti, shuka chini ya ukurasa hadi Outgoing Server (SMTP), uhakikishe kila moja ina seva yake. Barua ya ofisini ikipitia smtp.gmail.com, Gmail huibadilisha anwani ya mtumaji iwe ile ya Gmail, isipokuwa umeisajili ya ofisini huko kwanza. Ikipitia seva nyingine isiyohusika, seva ya mpokeaji ikikagua SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) itaona seva hiyo haina idhini ya kutumia kikoa chenu (sehemu ya anwani baada ya @), na barua inaweza kuishia kwenye taka. Usikisie: jitumie barua ya majaribio kutoka kila akaunti, kisha usome mstari wa From.

Ili kuona vikasha vyote mahali pamoja, washa Unified Folders kwenye menyu ya View. Ukijibu barua, jibu hutoka kwenye akaunti iliyoipokea. Barua mpya ni jambo lingine. Inaweza kuanza na akaunti ya msingi, basi tazama From kabla ya kutuma.

Kwa Gmail, bofya kitufe cha kulia juu ya akaunti, chagua Subscribe, uondoe alama kwenye All Mail. Folda hiyo hurudia barua zilizo kwingine na kula diski.

Nakala ya akiba ni folda moja tu: ~/.thunderbird. Ukiwa umesakinisha kwa Flatpak au Snap (njia nyingine za kusakinisha programu kwenye Linux), iko kwingine: kwa Flatpak itafute ndani ya ~/.var/app, kwenye folda yenye jina la Thunderbird, kwa Snap ~/snap/thunderbird/common/.thunderbird. Funga programu kabisa kabla ya kunakili.