Kuipa kasi laptopu ya gemu kwenye vumbi la Arua

Wateja wangu wa gemu hapa Arua, Uganda, huja na ombi moja: "Fundi, niongezee kasi." Nikiwauliza mashine inafika digrii ngapi wanapocheza, kimya. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia digrii 100, za AMD karibu na 95, na kadi nyingi za michoro za NVIDIA za laptopu huanza kubanwa kwenye 87 hivi. Mashine iliyokwisha kugonga dari hiyo ukiipandishia kasi, unaongeza moto tu. Kwa hiyo tutashusha joto kwanza. Kasi tutaigusa mwishoni, tena kwenye kadi ya michoro peke yake. Prosesa nyingi za laptopu zimefungwa kiwandani, na hata zilizo wazi mimi siziongezi.

Hatua ya 1: Pima

Pakua HWiNFO64, programu inayoonyesha joto na wati, kisha endesha Cinebench R23, programu ya kuitesa prosesa, kwa dakika 10, halafu cheza gemu nzito kwa nusu saa. Andika joto la juu kabisa, kasi na wati, za prosesa na za kadi. Bila namba hizo hutajua baadaye kama umetibu au umeharibu.

Pima ukiwa umechomeka chaja yake yenyewe. Laptopu ya gemu hutaka wati 150, 230, nyingine hata 330. Ile chaja ya wati 65 uliyoazima kwa jirani inaweza kuiwasha, lakini kasi hutaiona. Vivyo hivyo umeme ukikatika katikati ya mechi: fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka kwa sababu betri haiwezi kutoa wati zote hizo. Usimlaumu feni bure.

Hatua ya 2: Toa vumbi kwa ndani

Hapa ndipo penye faida kuliko kwingine kote. Kiangazi cha Desemba hadi Februari vumbi jekundu la murram, yaani changarawe ya barabarani, huingia hadi kabatini, seuze laptopu inayovuta hewa mchana kutwa. Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kabla hujagusa kitu kingine chomoa waya wa betri kwenye ubao.

Wengi hupuliza kwa blowa kutoka nje wakaridhika. Ng'oa feni uone mwenyewe: kati yake na vile vibati vyembamba vya kutolea joto kuna tabaka la vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Upepo wa nje hulirudisha kwenye feni tu. Lishike kwa kibano, livute taratibu. Mara nyingi hutoka zima, na nywele zake, na msimu wa mvua hutoka pia na mabawa ya kumbikumbi waliofuata mwanga wa skrini usiku. Mabaki yapanguse kwa brashi ndogo ya rangi. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kijiti, maana upepo ule huizungusha kupita kiasi na kuua beringi.

Hatua ya 3: Badilisha pesti

Pesti ni ule uji unaopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye bomba la shaba linalolipeleka kwenye feni. Skrubu za bomba hilo zina namba. Unapofungua, anza na namba kubwa kwenda ndogo, kila moja kidogokidogo. Unapofunga, anza na 1. Futa pesti iliyokauka kwa isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya vidonda iache kwa mwenye duka la dawa, kwa kuwa baadhi yake huchanganywa na mafuta yanayobaki juu ya chipu.

Pesti ya Arctic MX-4 inatosha kabisa. Chipu ya laptopu haina kofia ya chuma, kwa hiyo ifunike yote kwa tabaka jembamba, hadi pembeni. Nikipata Honeywell PTM7950, karatasi nyembamba inayowekwa badala ya pesti, naichagua hiyo: hulainika kwenye digrii 45 hivi, na haisukumwi nje ya chipu kama pesti ya kawaida. Metali ya majimaji, ambayo wengine huitumia badala ya pesti, siipendekezi. Galiamu yake hula alumini na hupitisha umeme; tone moja likikimbilia kwenye ubao, kwaheri.

Pedi, vile vipande laini vya kupitisha joto vilivyo juu ya memori, usizibadilishe unene. Nusu milimita ikizidi, bomba halitagusa chipu sawasawa.

Hatua ya 4: Inua nyuma

Sentimita 2 au 3, hata kwa vipande vya mbao. Kitandani hapana.

Hatua ya 5: Punguza volteji

Wati ambazo chipu inazigeuza kuwa joto hufuata mraba wa volteji. Ukipunguza volteji kwa asilimia 10 na kasi ikabaki ileile, sehemu kubwa ya wati hizo hupungua kwa karibu asilimia 19. Hiyo ni bure, haina pesti wala bisibisi.

Kwa Intel, fungua programu ya ThrottleStop, ingia FIVR (ukurasa wake wa volteji), anza na milivolti 50 chini, kwenye kiini (Core) na kwenye kashe (Cache) kwa kiasi kimoja. Jaribu, kisha shuka 10 nyingine. Skrini ya bluu ikitokea, panda 20 na ubaki hapo. Laptopu nyingi zilifungiwa uwezo huu baada ya Plundervolt, udhaifu wa usalama unaotumia kupunguza volteji, kutangazwa Desemba 2019. Yako ikikataa, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99. Turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa, itazimika, joto litashuka sana, na gemu zinazobanwa na kadi ya michoro hazitahisi kitu.

Hatua ya 6: Sasa pandisha kadi

Kadi ikiwa chini ya digrii 80 kwenye gemu, fungua MSI Afterburner, programu ya kupandisha kasi ya kadi. Ongeza kiini kwa MHz 25, cheza, ongeza tena. Nikifika 100 huwa nasimama. Memori ya kadi nayo ipande kwa MHz 100 100. Vitone vya rangi au pembetatu za ajabu zikionekana, rudi nyuma hatua mbili. Memori iliyozidiwa wakati mwingine haionyeshi dalili yoyote ila fremu kupungua, kwa kuwa inarudia data iliyoharibika. Basi linganisha na namba ulizoandika.

Ile alama ya kuanzisha mipangilio pamoja na Windows usiiweke hadi umecheza siku kadhaa bila kuganda. Bila alama hiyo, mashine ikizimika ghafla, ukiiwasha upya inarudi ilivyotoka kiwandani.