Jinsi ya kuunda timu ya matibabu ya amiloidosisi ya moyo

Katika amiloidosisi ya moyo, protini zilizojikunja vibaya hujazana ndani ya msuli wa moyo mpaka ukuta wake unakuwa mnene na mgumu. Daktari mmoja haumudu peke yake. Kama muuguzi mratibu, timu naipanga hivi.

Hatua ya 1: Kiongozi. Awe daktari bingwa wa moyo. Muulize waziwazi kama amewahi kutibu ugonjwa huu. Kama bado, si neno, mradi akubali kushauriana na kituo chenye uzoefu. Dawa yoyote mpya ipitie kwake, hata iliyoandikwa na mwenzake.

Hatua ya 2: Daktari wa damu, mapema. Hapa ndipo wengi huteleza. Aina kuu ni mbili. AL hutokana na seli za uboho na hutibiwa kwa dawa za kuzizima seli hizo; kuchelewa kwa wiki chache tu kunaweza kumgharimu mgonjwa. ATTR hutokana na transthairetini, protini inayotengenezwa hasa na ini, na dawa zake ni nyingine kabisa. Skani ya mifupa inayoonyesha moyo "ukiwaka", yaani ukifyonza dawa ya skani, huelekeza kwenye ATTR, lakini AL nayo huweza kuwaka. Kwa hiyo skani isisomwe bila kipimo cha minyororo myepesi (vipande vya protini vinavyotolewa na seli hizo za uboho) kwenye damu, pamoja na imunofikseshoni, yaani kipimo cha kutafuta protini zisizo za kawaida za seli hizo, ya damu na ya mkojo. Faili lenye skani pekee mimi hulirudisha.

Hatua ya 3: Wengine kadiri ya dalili. Daktari wa figo, wa mishipa ya fahamu, mfamasia. Ukikuta ATTR, omba kipimo cha jeni ya TTR (jeni ya transthairetini) na mnasihi wa jenetiki: ikiwa ni ya kurithi, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuipokea. Uliza pia habari za mikono. Ganzi ya viganja vyote viwili, au upasuaji wa kifundo cha mkono, mara nyingi hutangulia moyo kwa miaka, na wagonjwa hawautaji kwa sababu wanaona hauhusiani.

Hatua ya 4: Karatasi moja. Aina ya ugonjwa, dawa na dozi zake, presha akiwa ameketi na akiwa amesimama, uzito wa kila asubuhi, simu ya kiongozi. Mgonjwa atembee nayo. Chini kabisa andika: uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au ukizimia, piga simu leo, usingoje kliniki.