Kujenga Vibanda vya Wageni Kando ya Msitu wa Amani

Kabla ya kuchora ramani, tembelea kiwanja siku ya mvua kubwa uone maji yanakopita, kwa kuwa Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mteremko uliochongwa ili kupata sakafu tambarare humomonyoka upesi.

Ndiyo maana ni heri kibanda kisimame juu ya nguzo. Kila nguzo ikae kwenye kitako cha zege kinachoinuka sentimita 30 hivi kutoka ardhini, na kati ya zege na mbao pawekwe kipande cha bati ambacho kingo zake zimekunjwa kuelekea chini. Mchwa hatazuilika kabisa, lakini atalazimika kujenga njia yake ya udongo mahali panapoonekana, nawe utaibomoa mapema. Mbao ziwe za mitiki, ambayo hupandwa Longuza, wilayani Muheza.

Makuti, ambayo sisi watu wa pwani tunayapenda mno, huoza haraka katika unyevu wa milimani. Ezeka bati lenye upenu mpana: paa la mita za mraba 30 hupokea lita 300 kwa mvua ya milimita 10, maji ya kutosha kujaza pipa na kubaki.

Jiko, choo na bafu viwe vya pamoja, ili shimo la maji machafu liwe moja tu, mbali na kijito.