Somo: Kuchagua mkusanyiko wa mashairi ya kisasa ya Uingereza na Ayalandi

Wakuu, swali la "ninunue kipi?" limeulizwa humu mpaka basi. Jibu naliweka hapa; akiuliza mwingine, mleteni huku.

1. Kama ni cha kozi, nunua alichotaja mwalimu. Basi.

2. Fungua yaliyomo, angalia kinaanzia mwaka gani na kinaishia wapi.

3. Soma utangulizi KABLA ya kulipa. Wengi huruka hapa, halafu wanajuta. Mhariri ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje. Mwaka 1936 mshairi wa Ayalandi W. B. Yeats alihariri mkusanyiko wa wachapishaji wa Oxford akamwacha mshairi Mwingereza Wilfred Owen, aliyeuawa kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Novemba 1918. Hoja yake: mateso ya kuvumilia tu si mada ya ushairi. Mwaka huohuo mhariri mwingine, Michael Roberts, alitoa wake kupitia wachapishaji Faber, na Owen yumo! Ukishika cha Yeats peke yake, sauti nzito kabisa ya vita ile inakupita. Jalada nalo lisikudanganye. Mwaka 1982 wachapishaji Penguin walimweka mshairi wa Ayalandi Seamus Heaney kwenye mkusanyiko wa washairi wa Uingereza. Mwaka uliofuata akawajibu kwa shairi, akiwakumbusha kuwa pasipoti yake ni ya kijani, yaani ya Ayalandi, si ya Uingereza.

4. Ukinunua cha mtumba, uliza toleo. The New Poetry cha A. Alvarez kilitoka 1962, lakini mshairi Sylvia Plath aliingia kwenye toleo la 1966. Kipo pia kingine cha 1993 chenye jina hilohilo, wahariri wengine kabisa.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo ninunue kipi?
Rudi namba 1. Hujasema unasomea nini.

— Mbona Yeats si Mwingereza?
Soma kichwa cha somo mpaka mwisho.

— Wanaoandika kwa Kiairishi (lugha ya asili ya Ayalandi) tutawasomaje, na lugha hatuijui?
Ahsante kwa swali hili, ndugu yangu. Tafuta kitabu chenye shairi la asili ukurasa mmoja na tafsiri ukurasa wa pili, mkabala nao. Anza na mshairi Nuala Ní Dhomhnaill: kitabu chake Pharaoh's Daughter cha 1990 kilitafsiriwa na washairi mbalimbali, Heaney na Paul Muldoon wakiwemo. Kila mtafsiri ana mkono wake, utauona.

— Nyongeza: ukimpenda mshairi, hamia kwenye diwani yake.
Kabisa. Kwa Heaney chukua North ya 1975. Kwa Owen tafuta toleo lenye maelezo ya mhariri, maana mashairi yake mengi yalichapishwa akiwa ameshafariki.