Kabla Hujapakia Mzigo kwa Sababu "Wamekubaliana"

Redio ikishatangaza tu kwamba Kongo na Rwanda wamekubaliana, simu yangu haitulii. Vijana wa hapa Kahama: "Mama, njia ya Goma si imefunguka sasa? Tupakie mchele?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Haya, soma kabla hujamtafuta mwenye Fuso.

Ya kawaida nayapita mbio. Kadi ya homa ya manjano ya dereva isiwe imeachwa nyumbani. Karatasi na mzigo vilingane gunia kwa gunia, maana pale Rusumo, mpakani na Rwanda, hakuna mwenye muda wa hadithi zako. Dola ziwe safi. Kule Goma, mashariki ya Kongo, noti iliyochanika ncha tu unarudishiwa. Bima isome mpaka yale maandishi madogo ya mwisho, nyingi hazilipi hasara ya vita na hakuna atakayekwambia mpaka siku umekwama.

Sasa tuje kwenye lililonitoa machozi.

Habari ikisema "wamekubaliana", uliza ni akina nani. Kwa miaka hii kulikuwa na meza mbili, na watu wengi walizichanganya. Meza ya Luanda, chini ya Rais João Lourenço wa Angola, ilikuwa ya serikali mbili, Kongo na Rwanda. Meza ya Nairobi, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uhuru Kenyatta akiwa msuluhishi, ilikuwa ya serikali ya Kongo na makundi yenye silaha yaliyo ndani ya Kongo. Waasi wa M23 ndio waliokuwa wameshika barabara kule Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, na kwenye meza ya Luanda hawakuwa na kiti. Mawaziri wa mambo ya nje walipokubaliana Julai 30, 2024 kwamba mapigano yasimame kuanzia Agosti 4, M23 walisema wazi kwamba makubaliano ambayo hawakushiriki hayawafungi. Mimi nilisikia sehemu ya kwanza ya habari, ya pili nikaipuuza. Waziri wa mambo ya nje hasimamishi Fuso barabarani. Anayeisimamisha ni kijana mwenye bunduki, na bosi wake hakusaini makubaliano yale.

Desemba ile mteja wangu wa Goma akanipigia. Ni mama wa makamo, tumefanya biashara miaka, na siku zote alikuwa analipa kwanza ndipo napakia. Safari hii akataka gunia za mchele mara mbili ya kawaida, nusu alipe, nusu nimkopeshe hadi mwisho wa Januari. "Dada, marais wanakutana Luanda jumapili. Amani ikikuja, nitauzisha mpaka Minova." Na kweli, mkutano wa Desemba 15, 2024 ulikuwa umetangazwa kila mahali. Nikapiga hesabu za Krismasi, nikakubali. Jumamosi gari likavuka Rusumo.

Jumapili jioni nasikia mkutano haukufanyika. Rais Tshisekedi wa Kongo alifika Luanda, Rais Kagame wa Rwanda hakwenda. Rwanda ilitaka Kongo izungumze moja kwa moja na M23, Kongo ikakataa. Kile kile nilichokipuuza mwezi wa nane, nani ana kiti na nani hana, ndicho kilichovunja mkutano. Mchele wangu wakati huo uko njiani Kigali.

Ulifika, tena uliuzwa vizuri. Hapo ndipo nilipojidanganya kwamba nimepona. Mteja wangu akawa anaweka fedha benki kidogo kidogo anisubirishie tarehe. Januari 21, 2025 Minova ikachukuliwa na M23. Siku chache baadaye Sake, mji ulio jirani na Goma, na usiku wa kuamkia tarehe 27 M23 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki nazo zikafunga milango. Nilipompata kwenye simu, sauti ilikuwa chini kama ya mtu aliyejificha uvunguni: "Dada, niko mzima. Feza yako iko banki, na banki imefungwa." Ungesema nini? Nilimwambia alale chini, asikae karibu na dirisha. Ya deni tuliyazungumza Machi, baada ya watu kuanza kuvuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta fedha. Akawa ananitumia vipande vipande. Bado gunia thelathini na kitu, na simdai kwa kelele.

Kwa hiyo: hakuna kukopesha kwa dhamana ya mkutano. Hata mteja akiwa ndugu yako wa damu, alipe kwanza, au fedha ikae upande ambao benki zinafanya kazi.

La pili, usihesabu siku za tamko, hesabu siku za kimya. Februari 8, 2025 marais wa Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam, wakawapa wakuu wa majeshi siku 5 wakutane na kupanga namna ya kusimamisha mapigano. Tarehe 16 Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, ikawa mikononi mwa M23. Machi 18 Tshisekedi na Kagame wakakutana Doha, wakataka mapigano yakome mara moja. Kesho yake mji wa Walikale ukachukuliwa na M23. Sisemi vikao havina kazi, bila vikao sijui tungekuwa wapi. Nasema karatasi inatoka mapema kuliko risasi inavyonyamaza, nawe gari lako linasafiri hapo katikati. Mimi sasa nasubiri wiki tatu bila mteja kunitajia mlio wa risasi, halafu napakia nusu.

Angalia pia kama msuluhishi bado ni yule yule. Angola ilijitoa Machi hiyo hiyo, Togo ikawa msuluhishi kwa niaba ya Umoja wa Afrika, Qatar ikasuluhisha M23 na Kinshasa, Marekani ikasuluhisha serikali mbili, Kongo na Rwanda. Wasuluhishi wakibadilika, ahadi za yule wa kwanza usizipangie safari.

Na usimpigie afisa wala mwanasiasa kuuliza hali ya njia. Mpigie mama anayeuza mboga pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na Gisenyi. Yeye anajua leo wamefungua saa ngapi, watafunga saa ngapi, na nani yuko kwenye kizuizi.

Dereva asipige picha. Asibebe abiria, hata kama analia. Simu yake isiwe na vichekesho vya upande wowote, afute kabla ya Rusumo. Asijibu swali la nani ana haki. Akiona malori ya wenzake yanageuza, ageuze, asinipigie kuomba ruhusa.