SOMO: "Ile hela tuma kwenye namba hii" na ndugu zake

Wakuu, meseji hizi hutumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, na katika kundi hilo hakosekani anayedaiwa kodi ya nyumba leo. Akisoma "mimi baba mwenye nyumba, ile kodi nitumie humu, laini yangu ina shida", anatuma. Tapeli hakujui hata kidogo. Wewe ndiye unayemjazia jina.

1. Usijibu wala usipige namba iliyoandikwa humo. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoisevu mwenyewe.

2. Kabla hujaweka PIN, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana wanatanguliza "jina litakuja la wakala". Jina usilolijua, ishia hapo hapo.

3. Imeingia "umepokea Tsh 85,000", halafu mtu anapiga analia kakosea kutuma? Tazama mtumaji: meseji halali huja kwa jina la huduma, kama M-PESA, si kwa namba ya simu ya mtu. Hata jina likiwa sawa, ingia kwenye menyu uangalie salio, kwa sababu meseji huigizwa. Hela ikiwa imeingia kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige 100, huduma kwa wateja wamrudishie kwa utaratibu wao.

4. Link za barua pepe: soma kipande cha baada ya https:// hadi mkwaju (/) wa kwanza, kisha tazama mwisho wake. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.tz. Kitu kama tra.go.tz.marejesho-kodi.com ni .com ya mtu binafsi. Hayo ya mbele ni mapambo tu.

5. Forwadi meseji ya kitapeli kwenda 15040 ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), ukijibiwa weka namba ya tapeli. Kublock kufuate baadaye.

MASWALI

Swali: Mkuu, mama yuko kijijini na ameshatuma. Hela inarudi?
Jibu: Apige 100 sasa hivi, mengine baadaye. Hela ikiwa bado ipo kwa aliyepokea inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, hiyo ni kesi ya polisi. Asifute meseji ya muamala, ina kumbukumbu namba.

Swali: Rafiki yangu wa WhatsApp anasema code ya tarakimu sita imekuja kwangu kimakosa, nimtumie.
Jibu: Dada, usitume. Hiyo ni code ya akaunti yako, na yake yaelekea imeshaibiwa. Mpigie simu ya kawaida umshtue, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili (PIN ya ziada) kwenye mipangilio ya WhatsApp yako.

Swali: Laini si zinasajiliwa kwa alama za vidole? Mbona hawakamatwi?
Jibu: Kuna laini zimesajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua lolote. Msajili alimwambia "haijasoma, weka tena", kumbe anasajili ya pili. Piga *106# uone zilizopo kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika waifute.