Utafutaji wa maneno kwa SQLite kwenye tovuti yenye wageni wengi

Ukitafuta kwa LIKE '%mahindi%', hifadhidata hupekua kila mstari wa jedwali tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa makala mia tano huoni shida. Zikifika laki mbili, na wageni wanatafuta kwa mpigo, seva hukwama. Kinachotakiwa ni faharasa ya maneno. Kama tovuti yako iko kwenye seva moja, chagua SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili, na moduli yake ya kutafuta maneno, FTS5, iliyopo tangu toleo la 3.9.0 la mwaka 2015. DuckDB, hifadhidata nyingine ya faili, ni nzuri kwa takwimu, lakini faharasa yake ya maneno haijisasishi data inapobadilika.

Kwanza washa WAL (Write-Ahead Logging, yaani mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni):

PRAGMA journal_mode=WAL;
PRAGMA busy_timeout=5000;

WAL huwaacha wasomaji waendelee wakati mtu anaandika. Mwandishi hubaki mmoja tu kwa wakati, ndiyo maana ya zile milisekunde 5000: bila hizo, anayekuta mlango umefungwa hupewa kosa papo hapo. Amri hiyo ya pili irudiwe kwa kila muunganisho. Faili usiliweke kwenye diski ya mtandao. WAL haifanyi kazi huko.

Kisha tengeneza faharasa ya jedwali lako la makala:

CREATE VIRTUAL TABLE tafuta USING fts5(kichwa, mwili, content='makala', content_rowid='id', tokenize='trigram');

Kwa content, matini hayahifadhiwi mara mbili, ila utaandika triga tatu (amri zinazojiendesha jedwali likibadilika): ya kuingiza, kubadili na kufuta. Ya kufuta ipewe maneno yaleyale ya zamani, la sivyo faharasa huharibika. Ikiharibika, ijenge upya:

INSERT INTO tafuta(tafuta) VALUES('rebuild');

Hapo kwenye tokenize, yaani jinsi matini yanavyokatwa, ndipo wengi hukosea. Porter, njia ya kukata mwisho wa neno hadi shina, imetengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubadilika mbele ya neno: anasoma, wamesoma, kusoma, hata soma* (maneno yanayoanza na soma) haiyapati. Trigram (toleo la 3.34.0 na kuendelea) hukata matini vipande vya herufi tatu, hivyo “soma” huyapata yote. Gharama zake: faharasa hunenepa, neno la herufi mbili kama “ua” halileti kitu, na “soma” italeta pia Somalia. Ritifaa iliyopinda (’) ya ng’ombe igeuze kuwa iliyonyooka ('), wakati wa kuhifadhi na wa kutafuta.

Neno la mgeni lifungie ndani ya alama za kunukuu za mistari miwili ("), na zilizomo ndani uzirudufu. Ng'ombe ikiingia bila hizo ni kosa la sintaksia. Kisha panga matokeo kwa bm25, kanuni inayoipa kila makala alama kwa jinsi inavyolingana na neno:

ORDER BY bm25(tafuta, 10.0, 1.0) LIMIT 20

Kichwa kimepewa uzito mara kumi. Alama ndogo ndiyo bora, kwa hiyo usiongeze DESC (kupanga kuanzia kubwa).

Seva zikiwa mbili na zote zinaandika, hamia PostgreSQL, hifadhidata inayofikiwa kupitia mtandao.